Mawimbi ya ubongo bila hesabu, inawezekana?

SWALI: Shikamoo Daktari. Niko kidato cha sita, mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na biolojia). Nimesikia kuna watafiti ambao kazi yao ni kuchambua mawimbi ya umeme wa ubongo, nikaipenda. Ila hesabu zinanipiga chenga. Naweza kufika kwa biolojia tu? – Msomaji, Morogoro.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwa biolojia tu hufiki. Mimi nilijaribu.

Mtu wangu wa kwanza maabara alikuwa mama aliyetoka kusukwa twende kilioni. Ilibidi nimwombe afumue mistari miwili ya kisogoni, maana mawimbi ya alfa, yale ya ubongo uliotulia, huonekana vizuri zaidi huko. Aliguna, akafumua. Nikapaka jeli, nikabandika elektrodi, vile vidude vya kunasa umeme wa ubongo. "Fumba macho, mama." Mstari kwenye skrini ukaanza kupanda na kushuka kama mara kumi kwa sekunde. Akifumbua, unatulia.

Usiku, peke yangu, nikaona wimbi safi la mara 50 kwa sekunde. Kasi ya gama, yale mawimbi ya haraka ya ubongo! Nikampigia simu msimamizi wangu. Akauliza swali moja: "Feni umezima?" Ulikuwa umeme wa ukutani.

Basi kazi yenyewe ndiyo hiyo, kutenganisha ubongo na kelele. Hans Berger wa Jena, Ujerumani, alirekodi umeme wa ubongo wa binadamu mwaka 1924, lakini akachapisha 1929, kwa sababu miaka yote hiyo alijishuku. Sisi tunazo hesabu za Fourier, zinazochambua mchanganyiko wa mawimbi kwa kasi zake, kama sikio la mzoefu linavyotenga msondo na chapuo ngomani.

Ukifika kwenye mitandao ya seli za ubongo, ndiyo utazihitaji zaidi. György Buzsáki, mtafiti wa ubongo, Mhangaria, amewafuatilia panya kwa miaka mingi. Panya akitembea, hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, hupiga mdundo uitwao thita, kama mara nane kwa sekunde. Akitulia au akilala, huzuka vishindo vifupi vya mara 150 hadi 200 kwa sekunde, na ndani yake seli zilizowaka njiani huwaka tena kwa mpangilio uleule, upesi mno. Huo mpangilio hauonekani kwa macho; unatolewa na kompyuta.

Kwa hiyo ile BAM, somo la hesabu mnalolidharau nyie wa PCB, ishike. Anza na trigonometria. Chora wimbi la saini (sine) la mizunguko mitatu, chini yake la mizunguko kumi, kisha yajumlishe kwa mkono, nukta kwa nukta. Ukikwama, niandikie tena.