Mguu umevimba baada ya opareshi, msiukande

SWALI: Dokta shikamoo. Wifi yangu kajifungua kwa opareshi, hii wiki ya pili, mama ndo anamuuguza hapa nyumbani. Tangu juzi mguu wa kushoto umevimba kuanzia kigimbi mpaka pajani, akikanyaga unauma na ukiugusa una joto kuliko wa kulia. Mama anasema ni baridi ya uzazi, ukandwe na maji ya moto kwa nguvu utapona, na asishuke kitandani mpaka arobaini. Mimi roho inasita. Tufanyeje?
Wifi mtu, Tanga

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mwambie mama taulo aliweke chini na wifi mpelekeni hospitali leo hii, msingoje Jumatatu. Sijamuona kwa macho ila mguu mmoja kuvimba hivyo, na maumivu na joto, tena baada ya opareshi, mpaka apimwe tunauhesabu kwamba damu imeganda kwenye mshipa wa ndani.

Kuvimba kwa uzazi kupo kweli, lakini huko kwa kawaida kunashika miguu yote miwili na akilala akainua miguu kunapungua. Wa upande mmoja ndo wa kuogopa, na kwa wazazi mara nyingi ni wa kushoto kwa sababu upande ule mshipa wa kurudisha damu moyoni unapita chini ya mshipa mwingine mkubwa na mimba ikikua unabanwa. Halafu damu ya mjamzito inakuwa rahisi kuganda ili asivuje sana akijifungua, na hali hiyo haiondoki siku ile ile, wiki 6 za mwanzo ndo za hatari zaidi, sasa jumlisha kisu na kulala kutwa.

Ubaya wa kuukanda ni kwamba donge la hiyo damu iliyoganda linaweza kumeguka, kipande kikasafiri na damu mpaka kwenye mapafu, na hapo mtu anaweza kufa. Akianza kuhema ghafla, kifua kikachoma akivuta pumzi, akakohoa damu au akazimia, hiyo ni emajensi hata kama ni saa 8 usiku.

Hospitali watampima mishipa ya mguu kwa utrasaundi, haiumi. Likionekana donge ataanzishiwa sindano za heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, zinachomwa tumboni au pajani chini ya ngozi, na dawa inaendelea si chini ya miezi 3. Mguu utapungua mapema lakini asiache, maana dawa inazuia donge lisikue, kuliyeyusha ni kazi ya mwili wenyewe na unachukua muda wake. Heparini na wafarini, vidonge vya kazi hiyo hiyo, haziharibu maziwa, anyonyeshe bila wasiwasi, ila amwambie daktari ananyonyesha kwa sababu kuna vidonge vingine kama rivaroksabani havimfai. Akipewa wafarini atapimwa damu mara kwa mara, na mchicha na matembele ale kama alivyozoea, si leo bakuli zima kesho hamna. Diklofenaki, ile ya maumivu ya duka la dawa, asimeze, na uzazi wa mpango asitumie vidonge vyenye homoni ya estrojeni.

Mama hana kosa, anauguza kama alivyouguzwa yeye. Uji wa pilipili manga, supu, kumwogeshea mtoto, hayo yote aendelee nayo. Cha kubadilisha ni kule kukanda na kile kitanda tu, na hili la kitanda ni kwa kila mzazi: toka siku ya kwanza baada ya opareshi ainuke, ashikwe mkono, atembee mpaka chooni na uani.

SWALI: Dokta nimevunjika mguu kwa bodaboda, nimefungwa hogo. Na mimi naweza kuganda damu?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Unaweza. Chezesha vidole kila ukikumbuka, kaza paja uachie, kunywa maji, na kama daktari karuhusu magongo basi tembea, usishinde kwenye kochi. Hogo likianza kukubana ghafla, vidole vikafa ganzi au kubadilika rangi, rudi saa hiyo hiyo. Na kama kwenu kuna ndugu aliwahi kuganda damu, mwambie daktari, anaweza kukuanzishia sindano ya kinga mapema.