Usilinganishe makabila, fuata blanketi na piano

Mleta mada, umesema mmepewa "Everyday Use" ya Alice Walker na "Two Kinds" ya Amy Tan mzilinganishe, na umekwama kwa sababu moja ni ya Wamarekani weusi wa mashambani na nyingine ya Wachina wa San Francisco. Mimi nilikwama hapo hapo nilipokuwa nikisoma masomo ya jioni hapa Nairobi. Insha yangu ilikuwa na aya za utumwa, kisha aya za uhamiaji, ikarudi na maneno ya kalamu nyekundu kwamba nimelinganisha makabila na hadithi sijazigusa. Iliniuma, lakini ilikuwa kweli.

Kilichonikwamua ni kiondo. Marehemu nyanya alimsukia mama kiondo cha mkonge chenye mikanda ya ngozi, na kila Jumamosi mama hukibeba kwenda soko la Marikiti kununua viazi na vitunguu. Mikanda imekuwa myeusi kwa jasho, na kitako kimetiwa kiraka cha gunia. Nilipohamia nyumba yangu Umoja, nilimwomba nikakitundike sebuleni. Akaniuliza, "Na mimi viazi nitabebea nini?" Usiku huo nilimsoma Walker upya na kuona aibu, maana Dee, binti mkubwa katika hadithi yake, alikuwa mimi.

Dee anarudi kwa mamake akijiita Wangero Leewanika Kemanjo. Sikio la huku linanasa mengi hapo: Wangero ni kama Wanjiru au Wangari wa Wakikuyu aliyepotea njia, Leewanika linatukumbusha Lewanika, mfalme wa Walozi wa Zambia, na salamu anayoingia nayo ni "wasuze otya nno" ya Waganda, imekatwakatwa. Ameokota Afrika vipande vipande, na sasa anataka mablanketi ya viraka ya bibi yake, yenye hata kipande cha sare ya vita ya babu wa zamani, ili ayatundike. Zamani alipokuwa akienda chuoni alipewa akayakataa, eti yamepitwa na wakati. Mama anampokonya na kuyaweka mapajani pa Maggie, mdogo wake Dee mwenye makovu ya moto. Yatachakaa, ndiyo, lakini Maggie anajua kushona mengine. Hilo usilipite haraka.

Kwa Tan kitu chenyewe ni piano. Mama yake Jing-mei, binti wa hadithi hii, alipoteza kila kitu China, wakiwemo mabinti mapacha, akafika Marekani mwaka 1949 akiamini mtoto aweza kuwa chochote. Mwalimu wa piano ni kiziwi, kwa hiyo binti anajifunza kupiga ovyo bila kugunduliwa, hadi siku ya kuaibika mbele ya watu. Wanapogombana baadaye, anatamka kwamba heri naye angekufa kama wale mapacha. Mama ananyamaza, anatoka chumbani. Mimi huo ukimya hunishinda kila ninapousoma. Miaka mingi baadaye, mama ameshafariki, binti anakaa tena kwenye piano ile na kugundua kwamba vipande viwili vya muziki vya mtunzi Schumann vilivyokabiliana kitabuni ni nusu mbili za wimbo mmoja.

Sasa angalia nani anasimulia, insha yako ianzie hapo. Kwa Walker anasimulia mama, Dee hapati nafasi ya kujitetea. Kwa Tan anasimulia binti, na mama ndiye asiyesikika. Kwa maoni yangu Walker amemkaza Dee mno. Dee anaposema hawezi tena kubeba jina la waliowakandamiza, hayo ni maumivu ya kweli, na msomaji akimcheka tu amesoma nusu. Ukikubali hilo, utaona wote wawili, Dee na Jing-mei, wanakigusa kitu cha mama wakiwa wamechelewa, ila mmoja anataka kukichukua na mwingine anakaa nacho.

Soma kurasa za mwisho za hadithi zote mbili kwa sauti, moja baada ya nyingine, kabla hujaandika. Rasimu ikiwa tayari iweke hapa, nitaisoma.