Jiwe jekundu si lazima liwe yakuti

SWALI: Shikamoo, fundi. Karibu na ninapokaa kuna machimbo ya kokoto zilizoachwa na barafuto ya kale, yaani mto wa barafu uliokuwa ukisogea polepole juu ya nchi. Nimeokota mawe mekundu, ya kijani, ya rangi ya asali, na ya kijivu yenye maua maua. Yakilowa yanapendeza sana, yakikauka yanapauka. Jamaa mmoja anayeuza mawe aliyaona kwenye picha ya simu, akasema mekundu ni yakuti na ya kijani ni zumaridi. Nikayatia yote kwenye pipa la kuzungusha mawe kwa wiki tatu. Yametoka na mikwaruzo, na yale ya kijivu yamelika nusu nzima. Sasa jamaa ananishauri nipake vanishi. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Pipa lako halina kosa. Ulikosea kabla hujaliwasha, pale ulipoyaita mawe majina kwa kufuata rangi. Barua za namna hii zinanijia kila mara, na karibu kila moja ina mtu aliyetaja jina la kito kwa kutupia jicho picha. Jambo hili linanikera kuliko jingine lolote katika kazi yangu, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Wekundu wa mawe mengi unatokana na chuma kilichoshika kutu. Hematiti, madini ya chuma yenye rangi ya kutu, ikiwa kidogo tu inatosha kuwapa wekundu yaspi (jiwe gumu lisilopitisha mwanga), madini ya feldispa yaliyomo kwenye itale, mchanga uliogandamana, hata chokaa. Wekundu wa yakuti ni wa kromiamu, habari nyingine kabisa. Kijani cha kwenye kokoto kwa kawaida ni madini ya kijani yaitwayo epidoti, au ni lava ya zamani iliyogeuka kijani kwa joto na maji ya chini ya ardhi. Usimwamini mtu, jaribu mwenyewe: chukua kipande cha kwatzi nyeupe, chagua ukingo mkali wa jiwe lako jekundu, sugua kwa nguvu. Yakuti ina ugumu wa 9 kwenye kipimo cha Mohs, ngazi ya 1 hadi 10 ambamo jiwe gumu huchora lililo laini kuliko lenyewe; kwatzi ina 7. Jiwe lako likishindwa kuichora kwatzi, hilo si yakuti, na mjadala umekwisha. Zumaridi nayo huichora kwatzi.

Tena kokoto za barafuto zina shida yake ya pekee. Jiwe la mtoni unaweza kupanda nalo mto mpaka ukauona mwamba lilikotoka. Barafuto hubeba kila ilichokipitia, kuanzia unga laini hadi majabali, ikiyeyuka inavibwaga vyote mahali pamoja. Akiki (mawe ya mistari yanayopitisha mwanga) za Ziwa Superior, huko Amerika Kaskazini, zilijengeka ndani ya matundu ya hewa ya lava iliyomwagika miaka bilioni 1.1 hivi iliyopita, kisha barafuto ikazing'oa na kuzisambaza kusini hadi Minnesota, Wisconsin na Iowa. Jiwe la Petoskey la Michigan ni matumbawe ya bahari ya enzi ya Devoni, mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita, yaliyogeuka kuwa jiwe, na sehemu yake kubwa ni kalsaiti, madini laini yanayojenga chokaa. Akiki ina ugumu unaokaribia 7, Petoskey ina 3. Mawe kama hayo yanaweza kulala ubavu kwa ubavu kwenye kokoto za barafuto, kwa hiyo jirani wa jiwe hakuambii lolote kuhusu jiwe lenyewe.

Sasa unaelewa kilichotokea ndani ya pipa lako. Mawe magumu yaligeuka tupa, yakayala yale ya kijivu. Kwa jinsi ulivyoyaeleza, nadhani hayo ni chokaa yenye masalia ya matumbawe, na hiyo haikutakiwa kuingia pipani hata siku moja.

Panga upya. Osha mawe, yakauke, kisha shika kisu cha chuma na ukwaruze mahali pasipoonekana. Hapa wengi hudanganyika: kisu kikipita juu ya jiwe gumu huacha mstari wa kijivu unaong'aa, mtu akadhani amelichora. Lowesha kidole, futa. Mstari ukitoka, ulikuwa chuma cha kisu, na jiwe ni gumu kuliko kisu. Ukibaki, na kucha ikiupapasa inakwama, jiwe ni laini. Yale laini yachune kidogo yatoe unga, dondoshea siki kwenye unga huo na uangalie kwa karibu. Vipovu vidogo vikipanda, una kalsaiti.

Yale magumu yapeleke gizani na tochi. Lile la rangi ya asali, kama ngozi yake ina vishimo vidogo kama ganda la chungwa, liweke moja kwa moja juu ya taa. Mwanga ukipenya kwenye kingo na ukaona mistari inayofuatana kama pete za mti, hiyo ni akiki. Mwanga ukigoma hata kwenye kingo nyembamba, na palipomeguka pana umbo la ganda la chaza, fikiria yaspi. Halafu yaloweshe yote na uyatazame yanavyokauka: palipo na ufa maji hukawia, utaona uzi mweusi uliobaki peke yake. Barafuto inaponda, kwa hiyo nyufa ni nyingi. Jiwe lenye uzi huo litapasukia pipani na vipande vyake vitakwaruza wenzake.

Mawe yenye ugumu unaolingana ndiyo yanayoingia pamoja. Jaza pipa hadi theluthi mbili au zaidi kidogo, maji yafike chini tu ya mawe ya juu. Anza na unga mkali wa silikoni kabidi, namba 60 hadi 90 (namba ikipanda, unga ni laini zaidi), kisha 120 hadi 220, kisha 500, mwisho unga wa kung'arishia wa oksidi ya alumini. Kila hatua huchukua wiki moja hivi, ila usiendeshe kazi kwa kalenda. Vishimo visipokwisha kwenye hatua ya kwanza, irudie. Wewe ulifanya wiki tatu kwa jumla, yaani uliishia njiani. Na kati ya hatua osha kila kitu, pamoja na mfuniko na mkunjo wa mpira wake. Chembe moja ya unga mkali iliyojificha hapo inatosha kurudisha mikwaruzo yote. Tope linalobaki usilimwage kwenye bomba la sinki, litaganda kama saruji.

Ya kijivu yafanye kwa mkono: msasa wa maji namba 220, 400, 600, kisha kitambaa cha mahameli chenye unga wa kung'arishia na maji kidogo.

Vanishi nakukataza. Jiwe kavu hupauka kwa sababu uso wake wenye mabonde hutawanya mwanga. Maji huyajaza mabonde, na vanishi hufanya hivyo hivyo. Uso haujalainishwa. Baada ya muda utando unakuwa wa njano, unabanduka, na kabla ya hapo umeficha nyufa na kuzuia majaribio yote niliyokueleza. Mtu anayeuza jiwe lenye vanishi anajua kwa nini ameipaka. Vivyo hivyo akiki za bluu kali au waridi kali: mara nyingi zimelowekwa kwenye rangi.

Kukisia kwa macho kunaumiza hata upande wa pili. Mwaka 1876, huko Eagle, Wisconsin, wachimba kisima walitoa kwenye udongo wa barafuto jiwe dogo la njano iliyofifia. Mwanamke aliyekuwa nalo alilipeleka kwa sonara, wakadhani labda ni topazi, akaliuza kwa dola 1. Lilikuwa almasi ya karati zaidi ya 15, yenye thamani ya dola 700 hivi wakati ule. Alishtaki, na mwaka 1885 Mahakama ya Juu ya Wisconsin ikakataa kubatilisha mauzo, kwa kuwa walipouziana hakuna aliyejua ni nini. Topazi ina ugumu wa 8. Wangelisugua jiwe hilo na kipande cha korandamu, madini ya jamii ya yakuti yenye ugumu wa 9, wangepata jibu palepale: almasi huichora korandamu, topazi haiwezi.

Na huyo jamaa akija kukushawishi ukate mawe makavu kwa grenda ili uokoe muda, mfukuze. Vumbi la akiki na yaspi ni silika, yaani madini yaleyale ya kwatzi. Likiingia kwenye mapafu linaacha makovu yasiyopona, na halina harufu ya kukuonya. Kata na kusaga huku maji yanatiririka juu ya jiwe, vaa barakoa ya vumbi laini, na tope likidondoka sakafuni lifute lingali bichi.