Neno Stube lilininyima kazi, wewe lisikunyime

Juzi dada mmoja ameniandikia: "Kaka, Kijerumani nakimudu. Nianzeje kutafsiri?" Ujumbe wake umenikuta na furaha, kwani wiki hii nimepewa riwaya nzima niitafsiri, ya kwanza maishani mwangu. Lakini dada yangu, kabla ya riwaya kulikuwa na Stube.

Miaka minne iliyopita mchapishaji mmoja alinipa kurasa mbili za majaribio. Humo bibi anawakaribisha wageni kwenye "gute Stube". Kichwani ikanijia stove ya Kiingereza, nikaandika "jiko zuri". Karatasi ikarudi na alama moja kubwa ya kuuliza, nyekundu. Kazi akapewa mwingine. Alama ile naiona hadi leo.

Kumbe gute Stube ni chumba cha heshima, cha wageni na sikukuu. Sebule! Kinachoniuma zaidi ni kwamba maneno haya ni ndugu kweli. Wajerumani wa kale walisema stuba, Waingereza wa kale stofa: chumba chenye joto, hasa cha kuogea. Baadaye Waingereza wakalihamishia jina kwenye jiko lenyewe, Wajerumani wakabaki na chumba. Norwei stue ni sebule. Hungaria szoba ni chumba chochote. Uturuki soba ni jiko la kupashia nyumba joto.

Nililielewa sawasawa nilipoingia nyumba ya zamani ya mkulima huko Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Jiko kubwa la vigae limesimama pembeni mwa Stube, benchi limelizunguka, lakini mlango wa kuni siuoni. Uko nyuma ya ukuta, jikoni! Kuni hutiwa kule, moshi hubaki kule, huku linakuja joto tu. Nikaweka kiganja kwenye kigae, nikamkumbuka mama na mafiga yake matatu, akifuta machozi ya moshi kwa ncha ya kanga.

Basi usitafsiri neno la nyumbani kabla hujajua watu wanaishije humo. Fungua kamusi kubwa ya Kijerumani ya ndugu wawili, Jacob na Wilhelm Grimm, iliyoanzwa 1838 na kumalizika 1961. Inasomwa bure mtandaoni. Usiamini maneno yanayofanana. Narudia, usiyaamini! Stubenfliege ni nzi wa kawaida wa nyumbani, Stubenarrest ni mtoto kuadhibiwa kwa kufungiwa ndani. Jiko halimo. Vijana mnaharakia malipo, kamusi hamfungui, halafu mnalalamika kazi hazipatikani.

Riwaya niliyopewa ina Stube ukurasa wa tatu. Nimeandika sebule, na jiko la vigae nimeliacha pale pembeni, linawaka.