Maswali ya wasomaji: Unaamuaje wakati kesho haihesabiki?

SWALI: Nashona mikoba nyumbani na wateja wangu ni watu ninaofahamiana nao. Nina akiba, nataka kufungua duka. Kwenye mafunzo ya ujasiriamali tuliambiwa tuandike makadirio ya mauzo ya miaka mitatu. Nimeandika, lakini kusema kweli tarakimu zile nimezibuni. Wazoefu hukadiriaje? – *Mshonaji*

JIBU: Dada, umesema jambo ambalo wengi hulificha. Mwaka 1921 mwanauchumi wa Marekani, Frank Knight, alitenganisha hali mbili. Ya kwanza ni hatari inayopimika: kampuni ya bima haijui nyumba ipi itaungua, lakini kumbukumbu za miaka mingi zinaiambia ni ngapi huungua katika kila elfu. Ya pili ni kutojua kusikopimika, kwa kuwa hakuna kumbukumbu za kuhesabia. Duka ambalo halijawahi kuwapo limo katika hali ya pili, ndiyo maana tarakimu zako ilibidi zibuniwe.

Mtafiti wa ujasiriamali, Saras Sarasvathy, aliwapa waanzilishi wa biashara 27 waliobobea tatizo moja la kubuni, akawataka wafikiri kwa sauti. Nadharia aliyoitoa mwaka 2001, ifektuesheni, inasema wazoefu huanza na walichonacho: mimi ni nani, najua nini, namfahamu nani. Kisha, badala ya kuuliza "nitapata ngapi?", huuliza "nikipoteza ngapi bado nitasimama?"

Hesabu yake ni hii. Tuseme akiba yako ni 1,000. Matumizi ya nyumbani ni 60 kwa mwezi. Tenga miezi 6, yaani 360. Una deni la 240, litenge pia. Inabaki 400. Hiyo ndiyo hasara unayoweza kuibeba, na duka lolote linalodai zaidi ya hapo kabla hujauza mkoba mmoja si lako kwa sasa.

Hata hiyo 400 usiitoe yote. Toa robo, 100, ushone mikoba 20 na uiuze kwa watu usiowajua, kwa bei kamili. Jamaa na marafiki hununua kwa kukuonea haya, kwa hiyo mauzo yao hayakupi taarifa ya soko. Kabla ya kuanza, andika alama ya kufaulu, kwa mfano mikoba 14 ndani ya wiki 4. Anayekuambia "nitanunua" bado hajakuambia kitu. Sikiliza anayetanguliza nusu ya bei.

Watu huharibu hapa: wanalipenda duka kwanza, wanapiga hesabu baadaye, kisha wanapunguza ile miezi 6 iwe 2 ili duka liingie. Piga hesabu kabla hujaenda kuangalia fremu yoyote. Makadirio usiyatupe, ukishakuwa na daftari la mauzo la mwaka mzima, yatakuwa na kitu cha kusimamia.

SWALI: Tunakodisha mahema na viti vya sherehe. Huu ni mwezi wa nane wa hasara. Niliuza shamba kuanzisha biashara hii. Mwenzangu anataka tuongeze viti, mimi nasita. – *Mbia*

JIBU: Pole sana, ndugu. Shamba limekwenda, na biashara iendelee au ifungwe, shamba halitarudi. Liondoe kwenye hesabu. Ni rahisi kusema, na ni vigumu kutenda. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha mwaka 1979 kwamba kupoteza kunauma kuliko kupata kunavyofurahisha, na kwamba mtu aliyekwisha kuingia hasarani huwa tayari kubahatisha ili arudi alipokuwa. Makadirio yao ya 1992 yaliweka uzito wa hasara karibu mara 2.25 ya faida.

Sasa pima oda moja moja. Tuseme oda inaingiza 50. Toa gari 18, wapakiaji 10, usafi 7, vilivyovunjika 5. Inabaki 10. Kama kodi ya stoo na mishahara ni 90 kwa mwezi, mnahitaji oda 9 ili msipate hasara. Mkiwa na oda 5, tatizo ni wateja, na viti vipya vitakaa stoo. Na kama kila oda inabakiza chini ya sifuri, kuongeza viti ni kuongeza hasara. Hapo rekebisheni bei au gari kwanza.

Kisha andikeni, nyote mtie saini: tusipofikia oda 9 kwa mwezi ndani ya miezi 3, tunauza vifaa vingali na bei. Mkabidhini daftari la hesabu mtu ambaye hakushiriki kuanzisha biashara. Mtafiti wa maamuzi, Barry Staw, alionyesha mwaka 1976 kwamba aliyefanya uamuzi wa mwanzo mwenyewe ndiye huongeza pesa nyingi zaidi mambo yakiharibika.

SWALI: Nimeuza simu zilizotumika miaka 10, nikiishika tu najua kama ina faida. Sasa moyo unanituma kwenye ufugaji wa kuku. Niusikilize? – *Muuza simu*

JIBU: Kwenye simu, ndiyo. Kwenye kuku, bado. Kahneman na mwanasaikolojia mwenzake Gary Klein walikubaliana mwaka 2009 kwamba hisia za mzoefu huaminika pale mambo yanapojirudia kwa mpangilio, na mtu akapata majibu ya makosa yake mara nyingi. Simu zimekufunza hivyo. Kuku hawajakufunza chochote.

Klein ana zoezi linalofaa hapa. Keti na wafugaji wawili watatu, mjione mwaka umepita na banda ni tupu. Kila mmoja aandike peke yake, dakika 10, sababu za biashara kufa, ndipo msomeane. Mkianza kwa kuongea, wa kwanza atawavuta wote. Chanjo iliyochelewa, chakula kilichopanda bei, mnunuzi mmoja aliyehama: kwa kila sababu uliza itagharimu kiasi gani kuizuia, na jumla yake uiweke kwenye mtaji kabla ya kununua kifaranga.