Usiitangaze Namba Moja Siku ya Jumatatu

Kwa miaka sita niliendesha kipindi cha muziki wa nje katika kituo kimoja kidogo cha redio jijini Dar es Salaam, kila Jumamosi jioni, na sehemu iliyopendwa kuliko zote ilikuwa robo saa ya nyimbo na albamu mpya zilizoingia katika chati ya Uingereza, yaani orodha ya kila wiki ya nyimbo na albamu zinazouzwa na kusikilizwa zaidi huko. Ninawaandikia vijana wanaoianza kazi hiyo sasa, iwe redioni au katika kurasa zao za mtandaoni, kwa sababu makosa niliyoyafanya mimi nayaona yakirudiwa karibu kila wiki. Mengi yana chanzo kimoja: tunaisoma nafasi ya wimbo na kuyaruka yale yaliyoandikwa pembeni yake.

Kosa lililoniaibisha zaidi lilikuwa hili. Jumatatu moja niliona kuwa albamu mpya ya bendi ya vijana wa kaskazini mwa Uingereza ilikuwa ikiongoza hesabu za awali, tena kwa mbali. Kwa kuwa nilikuwa na safari ya Morogoro mwishoni mwa juma, nilirekodi kipindi changu siku ya Alhamisi, na Jumamosi wasikilizaji wakanisikia nikiipongeza bendi hiyo kwa kushika namba moja. Haikuwa imeishika, ilimaliza ya tatu. Msikilizaji mmoja wa Temeke, ambaye hakuwahi kukosa kipindi, alituma ujumbe wa maneno manne tu: "Kaka, umesoma chati ipi?"

Nilichokuwa sikukijua ni namna wiki ya chati inavyokwenda. Tangu Julai 2015, pale siku ya kutoa muziki mpya ilipofanywa kuwa Ijumaa duniani kote, wiki ya chati ya Uingereza huanza Ijumaa na kumalizika Alhamisi usiku. Mashabiki wa bendi kama ile huagiza CD na santuri wiki nyingi kabla, na mauzo yao karibu yote huingia katika hesabu mwanzoni mwa wiki. Msanii anayesikilizwa zaidi mtandaoni hujikusanyia zake kidogo kidogo, siku baada ya siku, hata ikifika Alhamisi amekwisha kumpita aliyekuwa akijivunia Jumatatu. Kwa hiyo hesabu za katikati ya wiki zitumie kama fununu, na ukizitaja hewani sema wazi kuwa ni fununu.

Orodha kamili hutoka Ijumaa jioni, kipindi cha chati cha BBC Radio 1 kinapofikia ukingoni, kabla ya saa kumi na mbili kwa saa za London. Hapa kuna mtego mdogo wa saa. Kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba sisi huwa mbele yao kwa saa mbili, hivyo namba moja hujulikana kuelekea saa mbili usiku. Miezi iliyobaki tofauti ni saa tatu, nasi husubiri hadi kuelekea saa tatu usiku. Nimewahi kuketi Ijumaa ya kwanza ya Novemba nikiusasisha ukurasa kwa saa nzima, huku nikiulaumu mtandao wa simu bure.

Baada ya hapo jifunze kinachohesabiwa, maana chati hii imebadilika sana. Ya kwanza kabisa, iliyochapishwa Novemba 1952 katika jarida la New Musical Express, ilipatikana kwa kupiga simu katika maduka ishirini hivi ya santuri na kuuliza kilichouzwa. Leo kampuni ya Official Charts Company hujumlisha mauzo ya kawaida, nyimbo zilizopakuliwa kwa malipo, na strimu, yaani kila mara mtu anaposikiliza wimbo mtandaoni kwa angalau sekunde 30. Strimu ziliingizwa katika chati ya nyimbo mwaka 2014, na tangu Julai 2018 za watu waliolipia huduma hupimwa tofauti na za wasiolipa: 100 za waliolipia ni sawa na nakala moja iliyouzwa, ilhali za bure zinahitajika 600.

Kanuni inayowachanganya watangazaji wengi ni ile ya nyimbo zinazochoka. Wimbo uliokaa katika chati zaidi ya miezi miwili na ambao umeshuka wiki tatu mfululizo huhamishiwa katika kipimo kigumu, ambapo strimu 200 za waliolipia ndizo zinazohesabiwa kuwa nakala moja. Matokeo yake utaona wimbo uliokuwa nafasi ya nane ukianguka ghafla hadi ya ishirini na kitu, nawe utashawishika kusema kuwa Waingereza wameuchoka kwa usiku mmoja. Waliousikiliza wanaweza kuwa karibu walewale wa wiki iliyotangulia. Kilichobadilika ni mizani. Miaka miwili ya kwanza nililiita anguko hilo "kuporomoka" hewani, na ninajuta, kwa kuwa neno hilo huharibu sifa ya wimbo ambao haujafanya kosa lolote.

Kanuni hiyo huwahusu pia wazee. "Running Up That Hill" wa Kate Bush ulifika nafasi ya tatu mwaka 1985, kisha mwaka 2022 tamthilia ya Stranger Things ikauamsha. Kwa umri wake ulikuwa ukipimwa kwa kile kipimo kigumu, mpaka waandaaji wa chati walipoamua kuurudisha katika kipimo cha nyimbo mpya, na Juni mwaka huo ukashika namba moja, miaka 37 baada ya kutoka. Mtu aliyeangalia nafasi peke yake aliona muujiza, na kwa kweli palikuwa na mahaba makubwa ya vijana kwa wimbo ule, lakini palikuwa pia na uamuzi wa mezani.

Kanuni nyingine ilizaliwa kwa sababu ya Ed Sheeran. Albamu yake ya Machi 2017 ilipotoka, nyimbo zake 16 zilichukua nafasi 16 kati ya 20 za juu kwa wiki moja, na wengine wote wakabanwa pembeni. Miezi michache baadaye ikaamuliwa kuwa msanii kiongozi, yaani mwenye wimbo na si aliyeshirikishwa tu, asiwe na nyimbo zaidi ya tatu katika chati kwa wakati mmoja. Basi ukiona albamu ya msanii mkubwa imetoka na nyimbo zake tatu tu zimeingia, usiseme kuwa zile nyingine hazikupendwa. Huenda ule wa nne umesikilizwa kuliko wimbo uliopo nafasi ya kumi, ila hauruhusiwi kuonekana.

Chati ya albamu ni mnyama mwingine, na hapa ndipo ninapowaomba mkae zaidi. Kule strimu 1,000 za waliolipia ndizo zinazolingana na albamu moja iliyouzwa, tena nyimbo mbili zinazosikilizwa zaidi hupunguzwa hadi kufikia wastani wa nyimbo nyingine za albamu hiyo, ili wimbo mmoja uliovuma usiibebe mgongoni albamu nzima. Kwa hiyo anayetaka kuongoza chati ya albamu kwa wiki moja hufanya kazi ya kuuza vitu vinavyoshikika: santuri za rangi tatu au nne tofauti, CD zilizotiwa saini, maonyesho madogo katika maduka ya muziki ambapo bei ya kiingilio inajumuisha nakala ya albamu. Sioni aibu yoyote katika hilo; ni biashara, na bendi ndogo isiyo na wimbo wa redioni hupata njia ya kusikika. Adele mwenyewe, Novemba 2015, aliuza zaidi ya nakala 800,000 za albamu yake ya "25" katika wiki ya kwanza, huku akiwa hajaiweka kabisa katika huduma za strimu.

Ila ujue utakachokiona wiki ya pili. Mashabiki waliotaka nakala wamekwisha kuzipata, hakuna wa kurudi dukani, na albamu iliyoingia namba moja inaweza kutoka kabisa katika 40 bora. Nilipoanza kuliona hilo nilinunua kaunta buku, nikachora mistari minne kwa kalamu nyekundu: jina, nafasi ya wiki hii, nafasi ya wiki iliyopita, idadi ya wiki. Safu ya mwisho ndiyo ikawa mwalimu wangu. Albamu iliyoingia nafasi ya kwanza, ikawa ya tano wiki iliyofuata na ya saba wiki ya tatu, nilikuwa naipa dakika tatu nzima za kipindi. Iliyoingia kwa kishindo ikatoweka, nilikuwa naitaja kwa heshima na kupita. Mhariri wangu hakufurahi mwanzoni, kwa kuwa alitaka namba moja ipewe muda mrefu kuliko zote, lakini wasikilizaji walianza kugundua kuwa albamu nilizokuwa nazishikilia zilikuwa bado zinazungumzwa mwezi mmoja baadaye.

Desemba na Januari zipe uangalifu wa pekee. Nyimbo za Krismasi za miaka mingi hurudi zikijazana juu, na wimbo mpya unaotolewa wiki hizo huzama hata kama ni mzuri. "Last Christmas" wa Wham! ulizuiliwa nafasi ya pili mwaka 1984, ukaja kushika namba moja katika chati ya tarehe 1 Januari 2021. Kisha sikukuu zikipita, nyimbo hizo zote huondoka kwa pamoja, na zile zilizokuwa chini hupanda nafasi ishirini au thelathini bila kupata hata msikilizaji mmoja mpya. Wiki hiyo usimpongeze mtu kwa kupanda.

Lipo kosa moja ambalo linatuhusu sisi Waafrika kwa karibu. Mara nyingi ninasoma kwamba msanii fulani wa kwetu "ameshika namba moja Uingereza", nikifuatilia nakuta ni orodha ya iTunes, duka la muziki la mtandaoni, ya saa fulani ya siku. Orodha ile hubadilika mara nyingi kwa siku na huhesabu wanaonunua tu, watu ambao siku hizi ni wachache, hivyo kundi dogo la mashabiki wenye umoja linaweza kuupandisha wimbo hadi juu kwa saa mbili. Vilevile, tangu Julai 2020 ipo chati maalumu ya Afrobeats yenye nafasi 20, na kuongoza humo ni jambo la kusherehekewa, lakini liitwe kwa jina lake. Mafanikio ya kweli hayahitaji kuongezewa chumvi: "One Dance" wa Drake, alioimba pamoja na Wizkid wa Nigeria na Kyla wa Uingereza, ulikaa namba moja ya chati kuu kwa wiki 15 mfululizo mwaka 2016, na Tyla wa Afrika Kusini aliufikisha wimbo wake "Water" ndani ya tano bora mwaka 2023.

Na ukimaliza kutaja wapya, shuka chini ya chati ya albamu, mahali ambapo watangazaji wengi hawafiki. Huko wamo wazee waliokataa kuondoka. Mkusanyiko wa ABBA uitwao "Gold", wa mwaka 1992, ndio uliokuwa wa kwanza kutimiza wiki 1,000 katika 100 bora, Julai 2021. Jirani yake huwa mkusanyiko wa Queen wa mwaka 1981, albamu iliyouzwa kuliko nyingine zote katika historia ya Uingereza, na sauti inayoongoza humo ni ya mtu aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, Freddie Mercury. Yule msikilizaji wangu wa Temeke alikuja kuniambia kuwa asili yake ni Mji Mkongwe. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi kipindi kilipokaribia kwisha, alikuwa akituma swali lilelile, "Na wa kwetu yuko wapi wiki hii?", nami nilihakikisha nimekwisha kuipata nafasi hiyo kabla sijawasha kipaza sauti.