Barua kwa Mwanaidi, habari ya kiingilio

Mwanangu Mwanaidi,

Asalaam aleikum. Sisi wazima, ila goti la mama yako sasa linatabiri mvua kuliko redio. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza umruhusu Salim aingie timu ya mpira wa Kimarekani hapo shuleni kwake au umkatalie, maana kocha anamsifia mbio, na wewe unaiogopea shingo yake.

Hofu yako si ya bure. Mwaka 1905 vijana wasiopungua 18 walikufa kwa mchezo huo, na mwaka huo huo Rais Roosevelt akawaita Ikulu watu wa Harvard, Yale na Princeton akawataka wautengeneze. Mwaka uliofuata wakaruhusu kurusha mpira mbele, ili watu wapunguze kusagana kwa lundo. Basi ya shingo waulize madaktari. Mimi kinachoninyima usingizi ni kiingilio. Najua unacheka, "Baba na kiingilio chake!" Cheka, lakini narudia: kijana akiwa uwanjani, mtazame anayehesabu pesa getini.

Unakumbuka uliponipeleka Carlisle, kwenye ile shule ya zamani? Nilisimama kwenye yale makaburi ya wanafunzi, vijiwe vyeupe zaidi ya 180, wewe ukaniambia, "Baba, twende, baridi hii." Salim ndiye aliyeninong'oneza kwamba shule ile ilikuwa na timu. Tangu hapo nasoma. Ilifunguliwa 1879, shule ya serikali ya watoto wa wenyeji wa asili wa Marekani. Waliletwa kutoka mbali, wakanyolewa nywele, wakakatazwa lugha za mama zao. Kisha wakapewa mpira, na mpira wakaujua kuliko waliowapa.

Msimu wa 1912, mwanangu! Mechi 14, wakashinda 12, sare moja, wakafungwa moja tu, na Chuo Kikuu cha Pennsylvania, 34 kwa 26. Tarehe 9 Novemba walikwenda West Point, chuo cha maofisa wa jeshi la Marekani, kucheza na makuruta wao. Jeshi lile lile lililoua wenyeji wa asili kule Wounded Knee mwaka 1890, miaka 22 tu nyuma. Wakawapiga 27 kwa 6. Kwenye timu ya jeshi alikuwamo Eisenhower, aliyekuja kuwa rais. Mimi na uzee huu nilisimama sebuleni nikapiga makofi, mama yako akauliza Simba wamefunga au vipi.

Lakini pesa? Timu ile ilizunguka nchi nzima ikijaza viwanja vya wenyewe, na mwaka 1914 Bunge lilipokwenda kuhoji, wachezaji wenyewe walimlalamikia kocha wao, Warner. Nyota wao Jim Thorpe unamjua, Salim ana picha yake. Kiangazi cha 1912 alileta dhahabu mbili za Olimpiki kutoka Stockholm, ya michezo mitano na ya michezo kumi. Januari 1913 ikatoka gazetini kwamba zamani likizoni alicheza besiboli kule North Carolina kwa ujira mdogo. Wenzake wengi wa vyuoni walifanya hivyo hivyo kwa majina ya bandia, yeye akatumia jina lake. Medali zikachukuliwa. Kocha akasema hakuwa na habari.

Hakuwa na habari! Hapo nilifunga kitabu.

Hadithi yangu ya mwarobaini unaijua nusu. Ulikuwa mwaka 1974, likizo, nikaenda kuchezea timu ya shamba la mkonge. Shilingi kumi na sahani ya ubwabwa kila Jumapili. Shilingi zile zilimnunulia bibi yako kanga, ndiyo ile aliyokubebea. Mwalimu wetu wa michezo alikuja kila Jumapili. Alikaa mkekani na sisi, akala ubwabwa ule ule, na mfupa akaomba yeye. Shule zilipofunguliwa tukafika fainali ya mkoa. Asubuhi ya mechi wapinzani wakapeleka lalamiko: winga wenu analipwa. Mkuu wa shule akamwita mwalimu, mimi nimekaa chini ya mwarobaini nje ya dirisha, jezi mwilini. Nikamsikia akiniruka kimanga. "Huyo kijana ameniaibisha, mimi sina habari." Tulifungwa mbili bila. Sikuutazama mpira ule, nilimtazama yeye anavyokusanya kiingilio kwenye kopo la maziwa.

Nimejibishana na nafsi miaka hamsini. Alikuwa na watoto sita, angesema kweli angefukuzwa. Naam. Lakini angeweza kunyamaza. "Ameniaibisha" ya nini? Kisha najiambia, bila yeye nani angenipa viatu? Kweli alinipa. Na wale vijana wa Carlisle, hata kama faida ilikwenda kwa wengine, ile siku ya West Point ilikuwa ya nani kama si yao? Hakuna kocha aliyewakimbilia. Hapo ndipo ninapokwama, maana na mimi nilicheza kwa raha, Mwanaidi. Jumapili zile shambani zilikuwa raha tupu.

Thorpe alikufa 1953 bila medali zake. Walimrudishia jina mwaka 1982, tena nusunusu, akiwa mshindi pamoja na wengine. Mpaka 2022 ndipo wakasema ni yeye peke yake. Mwalimu wangu naye amekwisha kufa. Nilikwenda mazikoni, nikatupa udongo kama wengine.

Sasa, Salim. Jibu ninalo hapa kwenye ncha ya ulimi na mama yako ananikanyaga mguu nisiliandike, anasema mtoto ni wako na wa mumewe... ona, nimekosea, wa mumeo. Basi siliandiki. Ila muulize kocha huyo, mtoto akiumia au akizushiwa neno, nani atasimama mbele ya mkuu wa shule? Mtazame usoni anapojibu, kisha uniandikie alivyojibu.

Ile jezi sikuirudisha. Iko sandukuni, namba 7 imebanduka upande mmoja. Kwa Salim itakuwa kubwa kidogo. Nimempa mama yako aishone, lakini usije ukamwambia mtoto kwamba hiyo ni ruhusa ya babu.

Baba yako